Baba wa Babu

Baba wa babu yako ni nani?

Niliulizwa swali hilo kabla sijafika miaka tisa, katika ofisi moja ya Al Barsha iliyokuwa na ubaridi mkali hata nikaficha mikono yangu kwapani. Aliyeuliza alikuwa mshauri wa mambo ya viza, Mkenya mwenzetu aliyevaa suti ya kijivu, na sidhani alitaka jibu kutoka kwangu. Alikuwa amemuuliza Mama, Mama akasita, naye akanigeukia kwa utani ili kupunguza uzito wa mambo. "Haya wewe mrembo, tuambie. Baba ya babu yako ni nani?"

Nikamjibu kwa uhakika wote niliokuwa nao. "Ni mwanamke wa kizungu, na anapiga kengele."

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sikuwa nafanya mzaha. Jibu hilo nilikuwa nimelitunga kwa juhudi, kutokana na mambo mawili niliyoyasikia nyumbani. La kwanza lilitoka kwa Mama, aliyekuwa akimwambia kila mtu kwamba baba wa Babu alikuwa Mwingereza, mlowezi wa mwanzo mwanzo katika milima ya Nandi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kengele kwa sababu alikuwa akigonga kipande cha reli alfajiri kuwaamsha. La pili lilitoka kwa Babu mwenyewe, kwenye simu kutoka Kenya. Alisema baba yake aliitwa Tapkigen, na hata mimi niliyezaliwa Dubai nilijua kwamba Tapkigen ni jina la kike. Watu wazima wote wawili walikuwa wakweli. Kwa hiyo nikajumlisha.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita, nilipofungua jagi la Mama. Nilikuwa nimerudi Dubai baada ya kumzika, nikaanza kuondoa vyombo vyake kabatini, na katika jagi moja la plastiki nikakutana na harufu ya mkaa na maziwa chachu. Kwao Nandi maziwa hulazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Huku Mama alikuwa akinunua labani, maziwa mgando ya Waarabu, dukani na kusugua jagi kwa mkaa wa kufukizia uvumba. Kinywaji chenyewe kilikuwa kibaya. Kila aliyekionja alisema hivyo, yeye pia alisema hivyo, na hakuacha kukitengeneza. Nilisimama pale na kifuniko mkononi, na miaka yote ikashuka.

Wakati huo tulikaa Al Rigga, katika nyumba iliyogawanywa kwa plaiwudi kuwa vijichumba. Kijichumba chetu kilitosha kitanda, sanduku, na mtu mmoja aliyesimama. Mama alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli ya mtaa wa nyuma. Baba alikuwa dereva wa lori wa kampuni ya ujenzi, na viza yangu ilitegemea yake. Kampuni ilipofungwa, viza yake ikakatwa, na yangu ikafa pamoja nayo. Akavuka kwenda Oman kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Halafu ikawa Ijumaa moja moja, halafu simu ikawa haipatikani. Mpaka leo sijui kama alikufa au alichoka.

Kafeel wa Mama, yaani mdhamini wa viza yake, alikuwa hoteli, na mshahara wa kufagia vyumba haukuruhusu mtu kumwekea mtoto viza. Nilizaliwa hospitali ya Deira, sikuwahi kulala hata siku moja nje ya mji ule, na sikuwa na ruhusa ya kuwa ndani yake. Niliacha shule. Mchana nilikaa na jirani wa ukuta wa pili, Bi Zuhura, Mzanzibari mtu mzima aliyekuwa akiwapikia maandazi wachukuzi wa Al Ras. Alinifundisha kukanda unga, na aliniita kasuku kwa ajili ya maswali yangu.

Kila mtu alijua suluhisho lilikuwa nini. Nipelekwe Kenya kwa Babu, Mama abaki atume matumizi. Ndivyo wanawake wote wa nyumba ile walivyofanya, na Bi Zuhura alikuwa amefanya hivyo kabla yao. Mwanawe alilelewa Unguja na dada yake. Alipokwenda kumwona baada ya miaka, kijana alimpokea kwa heshima zote, akamtandikia mkeka, akamwita Bi Zuhura, kama wamwitavyo majirani. Bi Zuhura alikuwa akikisimulia kisa hicho huku akicheka. Mama hakuwahi kucheka. Baada ya kukisikia alianza kunishika mkono hata tukiwa tumelala.

Habari za Uingereza aliletewa na mwanamke mmoja wa Zimbabwe aliyefanya kazi ya kufua hotelini kwao. Huyo alikuwa chotara, na siku moja akaaga, kwamba anahamia Uingereza na watoto wake wote, kwa haki kabisa, kwa sababu babu yake mzaa baba alizaliwa kule. Sheria ilikuwa hivyo kwa watu wa nchi zilizotawaliwa: ukiwa na babu au bibi aliyezaliwa Uingereza, unaweza kuomba kwenda kufanya kazi, na watoto wako unaambatana nao. Mama alirudi siku hiyo akakaa kitandani na viatu vyake.

"Baba yangu ana macho ya kijivu," akasema, kama mtu aliyeliona jambo hilo mara ya kwanza maishani.

Alianza kumtafuta Bwana Kengele kwa namna aliyoijua. Aliwapigia wazee waliowahi kuchuma chai katika shamba lililokuwa la mzungu yule, akawauliza jina lake la nyumbani, mkewe, watoto wake, walikokwenda baada ya uhuru. Alipolipata jina (sitaliandika hapa, ana wajukuu walio hai), akaomba ruhusa ya kutumia kompyuta ya wageni hotelini baada ya zamu. Sijui alitafuta kwa muda gani. Najua alikuwa akirudi macho mekundu, na kwamba hatimaye alimpata mjukuu wa Bwana Kengele, mwalimu mstaafu katika mji mdogo wa Uingereza, mama mtu mzima ambaye kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuuandika ukoo wake. Alikuwa amewafikia mpaka maseremala na wafuga kondoo wa zamani sana. Alikuwa na kila mtu isipokuwa sisi.

Mzungu huyo alikuwa mwema. Hilo nalisisitiza, kwa sababu kwa miaka mingi nilitamani awe mbaya. Alijibu kwamba kwao kulikuwa na minong'ono kuhusu mtoto wa shambani, kwamba angependa kujua ukweli, na kwamba yuko tayari kupimwa vinasaba pamoja na mzee wetu. Aliandika "sisi Waingereza" na "familia yetu ya Kiingereza", na Mama akayasoma maneno hayo kwa sauti kama anayesoma tangazo la bahati nasibu.

Mshauri wa Al Barsha, kwa simu, kabla hatujafika ofisini kwake, alisema kipimo kama hicho, cha mate, kinaweza kusaidia, mradi kichukuliwe na kliniki inayojulikana na mzee aende kwa hiari yake. Kilichobaki ni Babu.

Babu alikataa.

Nilikuwepo. Mama alikuwa ameweka simu kwenye sauti ya juu kwa kuwa spika ya sikioni ilikuwa imeharibika. Walianza kwa Kinandi, lugha nisiyoijua, na sauti ya Mama ikawa ndogo na ndogo zaidi. Babu alipokasirika alikuwa akiacha Kinandi na kuhamia Kiswahili cha mashamba ya wazungu, kile alichofokewa nacho utotoni.

"Baba yangu ni Tapkigen," akasema. "Yeye natoa ng'ombe, naoa mama yangu. Huyo mzungu natoa nini? Napiga kengele tu."

Akakata simu.

Baadaye Mama alimweleza Bi Zuhura jikoni, nami nikasikiliza nyuma ya plaiwudi. Tapkigen alikuwa mjane aliyezeeka bila mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Wanandi, mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, naye akawa mume. Anahamia upande wa wanaume, hafanyi kazi za kike, na watoto watakaozaliwa na msichana yule, kwa mwanamume yeyote, ni wake. Wanamwita baba. Wanarithi shamba lake. Babu alizaliwa hivyo, ndiye mwana wa pekee wa nyumba ile, na shamba aliloishi lilikuwa la Tapkigen. Jina la mwanamume aliyechangia mbegu halitajwi kamwe. Kulitaja ni tusi kwa marehemu. Ni hatari pia, kwa sababu ndugu wa marehemu mume wa Tapkigen walikuwa wamelitolea macho shamba lile tangu zamani, wakingoja mtu wa nyumba hiyo aseme kwa kinywa chake kwamba ana baba mwingine.

"Makubwa haya," Bi Zuhura akasema. "Na huyo mzungu kwa hiyo ni nani?"

"Alikuwa njia tu."

"Njia gani hiyo, mwanangu, ilomtoa mtoto na macho ya paka?"

Mama akacheka, na mimi nikacheka nyuma ya ukuta, wakanyamaza wote wawili. Hapo ndipo nilipopata wazo la mwanamke wa kizungu. Nilimchora nyuma ya boksi la chumvi, amevaa suruali, ana nywele za manjano, ameshika nyundo.

Sikuelewa kilichokuwa kwenye mizani. Nilidhani Babu hatupendi. Nilidhani kuna mtu mkarimu wa Kiingereza anayetungoja mlangoni, mwanamume au mwanamke haidhuru, na Babu ameshika ufunguo kwa ubishi wa uzee. Haikunijia kwamba Mama alikuwa anamwomba baba yake amkane baba yake, na kwamba akimkana, atakuwa mgeni katika ua aliozaliwa.

Kisha wakaja wakaguzi. Nyumba za plaiwudi zilikuwa zimepigwa marufuku, nao walikuwa wakipita mchana jengo kwa jengo. Natur, mlinzi wetu, aligonga bomba la maji, ishara ya kila mtu kujiokoa. Bi Zuhura akanisukuma nyuma ya magunia yake ya unga na kuniambia nisipumue kwa sauti. Nilisikia viatu, nikasikia mtu akiuliza kwa Kiarabu na Bi Zuhura akijibu kwa Kiarabu chenye lafudhi ya Unguja, mpole kama maji. Walipoondoka aliniambia nibaki pale, huenda wakarudi. Nikabaki. Nikalala.

Mama aliporudi kazini alinivuta kutoka pale nikiwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope. Akaniangalia, akaanza kucheka. "Sasa ndiyo umekuwa Mzungu," akasema. Akanipangusa uso kwa ncha ya sare yake ya hoteli, akapangusa, akapangusa, na kicheko kikageuka bila mimi kuona kiligeukia wapi. Alikaa chini sakafuni na miguu imenyooka mbele, akalia kama mtoto, mdomo wazi. Bi Zuhura akafunga mlango wa jikoni ili majirani wasiingie.

Kesho yake Mama akaniambia nitazungumza na Babu.

Kwa Wanandi mate ya mzee ni baraka. Mzee hutema kidogo kiganjani mwa mtoto au kifuani pake, na mtoto huondoka amekingwa. Mtoto akiomba, mzee hanyimi. Mama alinifundisha maneno: nimwamkie, nimwambie mimi ni mjukuu wake asiyewahi kumwona, niko mbali, naomba baraka yake. Mjomba, ndugu wa pekee wa Mama, angempeleka mjini Eldoret, katika kliniki, akateme kwenye kichupa chenye kifuniko. Kliniki kwa sababu kule wana vichupa visivyomwagika njiani. Ndivyo ningesema, na ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa na furaha. Nilidhani Mama amekata tamaa na mambo ya Wazungu, na sasa tunaomba jambo la maana.

Bi Zuhura aliposikia aliacha kukanda. "Dua haiendi kwa hila," akamwambia Mama. "Mzee wako yule. Kesho utamtizama usoni kwa jicho gani?"

"Bi Zuhura," Mama akasema, taratibu kabisa, "mwanao anakuitaje?"

Bi Zuhura akarudisha mikono kwenye unga. Hawakusemezana siku hiyo yote.

Nilipiga simu nikiwa nimesimama wima. Nilisema yote niliyofundishwa. Upande wa pili nikasikia jogoo wa kule na mtu akipasua kuni.

"Wewe nakwenda wapi?" Babu akauliza. Baraka ya namna hiyo huombwa na msafiri.

Hilo Mama hakuwa amenifundisha. "Siendi popote, Babu," nikasema. "Nataka kukaa na Mama."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Mtoto nikiomba mate," Babu akasema mwishoni, akichanganya viambishi kama kawaida yake, "mzee hawezi sema mdomo iko kavu."

Wiki ile Mjomba akampeleka. Kichupa kikaondoka. Nikatenga mahali dirishani, kati ya chupa ya mafuta na kioo cha Mama, pa kukiweka kitakapofika. Niliuliza kila jioni. Mama alijibu kwamba kimekwenda Uingereza kwanza, na mimi nikafikiri kuhusu jambo hilo kwa uzito. Kwa nini baraka yangu ipite nyumba ya watu wengine? Itabaki kiasi gani ikifika? Nilimwuliza Bi Zuhura kama baraka inaweza kupotea njiani ikampata asiyehusika. Akasema, "Nenda kaoshe mikono."

Majibu yalipokuja, yalikuwa ndiyo. Mzee wetu na mwalimu mstaafu walikuwa damu moja, haikuwa na shaka. Mama alipiga kigelegele kwa sauti ya kunong'ona, kwa kuwa plaiwudi ina masikio. Akanibeba, nikiwa mkubwa wa kubebwa vile. Akampigia mshauri, naye akasema vizuri, sasa vimebaki vitu viwili: uthibitisho wa mahali mlowezi huyo alipozaliwa, na barua ya chifu wa Nandi inayosema kwamba huyo anayeitwa mwana wa mlowezi ndiye Babu wetu. Mama alituma maombi yote mawili siku moja. Mjomba akaenda kwa chifu. Mwalimu wa Uingereza akaandikiwa.

Mwalimu alijibu haraka na kwa furaha, kwa sababu lilikuwa swali alilolipenda. Bwana Kengele alizaliwa Natal, Afrika Kusini. Wazazi wake ndio waliotoka Uingereza, kwa meli, wakiwa vijana wasio na kitu, miaka ile koloni lile lilipokuwa likiita watu. Mtoto wao alikulia huko na kupanda hadi Kenya na ng'ombe wa kukokota, miongoni mwa wazungu wa kwanza kugawiwa ardhi ya Nandi. Uingereza yenyewe aliikanyaga mara ya kwanza akiwa mzee, akalalamika kuhusu baridi, akarudi.

Mama alikuja kumwambia Bi Zuhura akiwa bado na kitambulisho cha hoteli shingoni.

"Natal ndo wapi?"

"Afrika Kusini."

"Kwani Mwingereza huzaliwa Afrika?"

"Huzaliwa," Mama akasema.

Hakuwa ameuliza. Katika miezi yote ile, simu zote zile, macho yote yale mekundu, hakuuliza mtu yule alizaliwa wapi, wala mshauri hakudhani ni swali. Kwa Mama, Mwingereza alizaliwa Uingereza kama Mnandi anavyozaliwa Nandi. Nimejaribu mara nyingi kumkasirikia kwa hilo. Alikuwa na binti aliyezaliwa Deira, aliyelala nyuma ya magunia kwa sababu kuzaliwa mahali hakukumaanisha kitu, na bado hakuona kwamba mzungu naye anaweza kuzaliwa mbali na jina lake. Lakini nani kati yetu huona? Sote tulidhani wao ndio wenye asili zilizonyooka, na zilizopinda ni zetu.

"Khalas, yamekwisha," Mama akasema, akavua viatu.

Barua ya chifu hakuna aliyekumbuka kuizuia. Chifu, kama wafanyavyo machifu, aliita wazee wa ukoo ili athibitishe, na wazee walioitwa walikuwa ndugu wa marehemu mume wa Tapkigen. Mjomba aliwaonyesha majibu ya kipimo akidhani anasaidia. Babu aliulizwa hadharani baba yake ni nani. Akasema Tapkigen. Wakamwuliza, na hii karatasi je? Mtu hana baba wawili, wakasema, na aliyekwenda kumtafuta wa pili amemwacha wa kwanza. Shauri hilo lilichukua muda mrefu zaidi ya ninavyolieleza, na lilipoisha shamba halikuwa lake.

Mimi nilipelekwa Kenya baada ya hapo, baada ya muda gani sina hakika. Nakumbuka uwanja wa ndege. Mama hakuruhusiwa kuvuka mstari fulani sakafuni, na mhudumu wa ndege aliyenichukua alikuwa na manukato makali. Mama alikuwa amenivalisha magauni mawili, moja juu ya jingine, ili sanduku lisizidi. Hakulia. Alinifunga vifungo, akavifungua, akavifunga tena.

"Mimi ni nani?" akaniuliza.

"Mama."

"Usisahau kuniita hivyo kwenye simu. Hata wengine wakisema jina langu. Wewe sema Mama."

Babu nilimkuta Eldoret, katika chumba nyuma ya karakana ya Mjomba ya kuchomelea mageti. Alikuwa mrefu, ngozi yake imebabuka kwa jua kama ya wazungu wazee, macho ya kijivu kweli. Aliniita, akashika viganja vyangu, akatema, akanipaka kwenye paji la uso. Mate yalikuwa ya baridi na yalinuka tumbaku.

"Yale mengine yalifika, Babu?" nikamwuliza.

"Nafika," akasema.

Alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Hakuzikwa karibu na Tapkigen wala karibu na mama yake. Alizikwa makaburi ya mjini, kati ya watu wasiojuana. Mama hakuja. Angeondoka Dubai wakati ule asingerudi, na ada yangu ilitoka kule. Mjomba alishika simu juu ya kaburi ili asikie udongo ukishuka.

Nilimwita Mama kwenye simu kwa miaka yote ile, kwa ukaidi, hata nilipokuwa nimesahau uso wake unakaaje akinyamaza. Nikaenda chuo kikuu. Huko nilisoma walivyoandika wataalamu kuhusu ndoa kama ya Tapkigen, kwa michoro ambamo wanaume ni pembetatu na wanawake ni duara. Nikamwuliza mhadhiri, Tapkigen tumchore nini? Akasema inategemea swali la utafiti. Sikuridhika. Sikuridhika pia na sheria inayompa mtu haki kwa sababu ya kitanda ambacho babu yake alizaliwa juu yake, wala na desturi inayomnyang'anya mzee shamba kwa ajili ya kichupa cha mate, na nimebishana na watetezi wa pande zote mbili mpaka nikabaki peke yangu mezani.

Nilipopata kazi Al Barsha nilimchukua Mama tukakaa pamoja. Tulikuwa na adabu kama wapangaji wawili. Usiku mmoja mmoja tulisahau na kucheka. Lakini jambo la Babu lilikuwa limekaa kati yetu, na lilikuwa limemla. "Nilimwibia baba yangu kwa mlango wa baraka," alikuwa akisema, akiwa anaosha vyombo, akiwa anakunja nguo, bila mtu kumwuliza. Nilimwambia Babu alikubali. Alinijibu kwamba Babu alikubali kitu ambacho hakikuwepo. Nilimwambia kosa ni la sheria, ni la ukoo, ni la kampuni ya Baba, ni la Natal. Alinisikiliza kwa subira, kama mtu anayesikiliza watabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine. Alipougua hakutaka kuombewa. Alisema mtu aliyechezea baraka hana uso wa kuiomba. Akafa hivyo, na tukampeleka nyumbani, tukamzika Eldoret nyuma ya nyumba ya Mjomba.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wameondoka, Mjomba aliniita karakana. Alisema kuna neno alilokatazwa kulisema dada yake akiwa hai, na aliyemkataza alikuwa Babu. Siku ile kliniki, muuguzi alikuwa Mnandi, na kazi yake haikumruhusu kuchukua kipimo bila kumweleza mtu. Akamweleza Babu kila kitu kwa Kinandi: kichupa kinakwenda kwa nani, kinatafuta nini, na jibu linaweza kutamka jina gani. Mjomba alikuwa amesimama pale, ameinamisha kichwa, akingoja kutukanwa. Babu aliuliza swali moja tu, kama kwa kichupa hicho mtoto atakaa na mama yake. Muuguzi akasema hilo halijui. Babu akakipokea, akatema.